Miezi Kumi na Miwili ya Zerviah Orcutt

Jumanne ya tarehe saba Oktoba, mwaka 1975, Winifred Ladd aliosha vikombe viwili, akamfunika dada yake Lorna blanketi miguuni, akachukua penseli tatu zilizochongwa na kwenda masijala ya mji wa Hadwick. Penseli, kwa sababu kalamu ya wino ilikuwa marufuku mle ndani. Tatu, kwa sababu Bi. Adelaide Thaxter, aliyekaa mlangoni kwa kujitolea, alikuwa akisema penseli butu zinachuna karatasi, na mtu mwenye penseli butu alirudishwa kwake.

"Fungua mkoba," akasema Bi. Thaxter.

"Si uliufungua wiki iliyopita?"

"Wiki iliyopita ilikuwa wiki iliyopita, Winnie."

Mkobani mlikuwa na leso, miwani na tufaha moja. Bi. Thaxter alilitoa tufaha, akaligeuza juu na chini, akaliweka mezani kwake, kwa kuwa tufaha lina maji na maji ni adui wa vitabu. Winifred naye akamtazama mikono muda wote. Walikuwa wamesoma darasa moja na kusali kanisa moja, na kwa miaka sitini hakuna aliyewahi kumpa mwenzake mgongo bila kugeuka kidogo.

Mwaka ule watu wote wa Massachusetts walikuwa wakitafuta wazee wao. Nchi ilikaribia kutimiza miaka mia mbili ya uhuru, na kila mtu alitaka awe na babu aliyekuwepo. Winifred hakutaka babu wa kujivunia. Alitaka kaburi.

Kaburi lenyewe lilikuwa la Lorna. Moyo wa Lorna ulikuwa umechoka, miguu imevimba kama magunia ya unga, na daktari alikuwa amesema akikiona kiangazi kingine itakuwa bahati. Lorna hakulia. Alisema anachotaka ni kuzikwa Kilimani, kwenye makaburi ya zamani juu ya mji, ambako alikuwa amekata majani kwa miaka thelathini na mmoja.

"Watu wale nawajua wote kwa migongo yao," alimwambia Winifred. "Najua nani ana mchwa na nani ana mizizi. Umri huu sitaki kuanza kujuana na watu wapya. Na kule chini Barabara ya Kiwandani, mkabala na duka la matairi, hata mfu hapati usingizi."

Lakini Kilimani palibaki viwanja sita tu, na Jumuiya ya Makaburi iliviweka kwa wazao wa kaya za kwanza, zile zilizofika kabla ya mwaka 1740 na kukubaliwa kuwa wenyeji. Katibu wa Jumuiya alikuwa Bi. Thaxter. Fomu ilitaka hati kwa kila kizazi: ya kuzaliwa, ya ndoa, ya kufa. Tena mwombaji akubaliwe akiwa hai. "Wafu hawajazi fomu," alisema Bi. Thaxter, na hilo lilikuwa kweli.

Winifred, aliyepika jikoni mwa shule ya mji kwa miaka ishirini na sita na hakuogopa kazi ndefu, alikuwa amepanda kizazi kwa kizazi mpaka akafika kwa Asahel Orcutt, kibarua wa shamba. Hapo akakwama kwa mama yake Asahel. Nyumbani kwao walikuwa wakiambiwa tangu zamani kwamba mama huyo aliitwa Zerviah, na kwamba alikuwa na shamba lake. Lakini katika Kitabu cha Tatu cha mji, kati ya ukurasa wa themanini na nane na wa tisini na tatu, karatasi zilikuwa zimekatwa. Mkato wenyewe ulinyooka, mkato wa mtu asiye na haraka.

"Panya," akasema Bi. Thaxter kutoka mlangoni, bila kuulizwa.

"Panya mwenye rula," akasema Winifred.

Ilikuwa saa tano kasorobo. Mlango wa nje ukafunguka, akaingia mwanamke mwembamba mwenye shali ya kijivu, ameshika sufuria ndogo ya chuma, mabegani ana theluji. Nje jua lilikuwa linawaka na majani ya miti ya maple yameanza kuwa mekundu. Karani wa mji, Bwana Elbert Quimby, hakuinua kichwa.

"Funga mlango, mama, unaingiza baridi. Chukua namba."

Mwanamke akachukua namba kumi na nne, akakaa kwenye benchi, sufuria mapajani. Theluji ilimwanguka begani, nyingine ikaja mahali pake. Ilipofika zamu yake akasimama mbele ya dirisha.

"Naitwa Zerviah Orcutt. Nimeambiwa natafutwa."

Bwana Quimby akamnyooshea Winifred kidole cha gumba. "Mgeni wako huyo, Winnie."

Winifred akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Yule mwanamke alikuwa na kidevu cha Lorna. Lakini kidevu si ushahidi, na Winifred alikuwa amejifunza mle ndani kutoamini kitu chochote cha mara moja.

"Mwanao alikuwa nani?" akamuuliza.

"Asahel. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekunjwa juu, hivi."

Winifred akagusa sikio lake la kushoto, ambalo alikuwa amelifunika kwa nywele tangu akiwa msichana.

Bi. Thaxter alikuwa amekwisha kusogea. Alitabasamu kwa adabu, akampa mgeni mkono, akaufuta ule mkono kwa leso. "Tunafurahi sana kukuona, Bi. Orcutt. Ila inabidi nieleze mapema, ili tusije tukalaumiana. Mtu si hati. Je, una karatasi yoyote yenye jina lako?"

"Ninayo moja," akasema Zerviah. "Sijui inasema nini. Sikufundishwa kusoma. Lakini nimeitunza."

Akaitoa kifuani, imekunjwa mara nne, laini kama kitambaa kwa kushikwashikwa. Bwana Quimby akaitandaza chini ya taa, akaisoma kwa sauti ileile aliyosomea leseni za mbwa:

"Kwa jina la Mfalme. Wewe Zerviah Orcutt, mjane, na mtoto wako Asahel, ambao si wenyeji wa mji huu, mnatakiwa kuondoka katika mji huu ndani ya siku kumi na nne. Februari 1739. Josiah Thaxter, konstebo."

"Huo ni mwandiko wa babu yetu," akasema Bi. Thaxter, na macho yakamng'aa kwelikweli. "Tazama hiyo herufi ya kwanza. Hati safi kabisa hii. Inathibitisha kwamba Bi. Orcutt alikuwepo, na inathibitisha kwamba hakuwa mwenyeji. Basi, Winnie, pole sana."

Akamrudishia tufaha lake.

Bwana Quimby alikuwa mtu wa polepole. Hakumpenda mtu yeyote zaidi ya mwingine, alipenda sheria tu. Alikwenda nyuma, akarudi na kitabu cha sheria za Mfalme wa Uingereza na kijitabu cha katiba ya Jumuiya. Akaeleza kwamba zamani zile mji uliogopa kulisha maskini wa kuja. Kwa hiyo mgeni aliyeonekana hana nguvu alipewa onyo la kuondoka. Onyo lilitolewa na konstebo, mbele ya mashahidi. Lakini mtu akikaa miezi kumi na miwili bila kuonywa, amekuwa mwenyeji, na mji hauna la kufanya.

"Ulikuja lini, mama?"

"Mwezi wa Aprili, mwaka wa kabla yake. Mume wangu Nathan alikata miti ya kile kilima chote mpaka pakawa shamba. Januari mti ukamwangukia. Februari wakaja na karatasi."

"Ulibakiza miezi miwili," akasema Bwana Quimby. "Sasa, katiba ya Jumuiya, kifungu cha nne, inasema mwenyeji ni yule anayetambuliwa na sheria hiyo ya zamani. Haisemi mwaka gani aanze kuhesabu. Wala haisemi akae akiwa hai." Akatazama saa ya ukutani. "Mama huyu ameingia mjini leo. Akifika tarehe saba Oktoba mwakani bila kuonywa, kwa jinsi ninavyosoma mimi, ni kaya ya kwanza."

"Kamati italiangalia," akasema Bi. Thaxter.

"Iangalie tu," akasema Winifred, akampeleka bibi yake nyumbani.

Lorna alimtazama Zerviah tangu viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Bibi, wewe si umekufa?"

"Muda mrefu."

"Inauma?"

"Kufa hakukuuma. Miguu ndiyo iliuma."

"Ya kwangu hii hapa," akasema Lorna, akaifunua. Zerviah akachukua theluji ya begani kwake, akamkanda nayo mpaka uvimbe ukashuka kidogo. Kuanzia siku ile walifanya hivyo kila asubuhi, na theluji iliyobaki Winifred aliifagia mara tatu kwa siku na kuimwaga nje kwenye maua.

Winifred alipomweleza dada yake habari ya miezi kumi na miwili, Lorna alihesabu kwa vidole. "Kwa hiyo natakiwa nisife mpaka Oktoba mwakani. Daktari ataudhika."

"Unaweza?"

"Nimewahi kushindwa kazi niliyopewa tarehe?"

Zerviah alikubali chakula, lakini hakukubali kitanda. Alilala amekaa kwenye kiti karibu na mlango, viatu miguuni, sufuria mapajani. Aliwaeleza wajukuu zake, kidogo kidogo na bila kulalamika, kwamba alipotoka Hadwick alikwenda mji wa pili, wakamwonya. Akaenda wa tatu, wakamwonya. Miji mitano. Wa sita hakuwahi kuonywa, kwa sababu alifia zizini kabla konstebo hajapata farasi. Asahel akapewa watu wamtumikishe mpaka awe mtu mzima, kisha akarudi Hadwick akawa kibarua wa akina Thaxter. Nathan walimzika palepale shambani. Mji ukasema shamba lisilo na mwenyeji ni la mji, na baada ya Nathan wakaendelea kuzika watu hapo, kwa kuwa udongo ulikuwa umekwisha kulainishwa.

Lorna akamgeukia bibi yake.

"Karibu na geti, upande wa kulia?" akauliza. "Pale nyasi zinapochelewa?"

"Hapohapo."

"Miaka thelathini na mmoja nakata majani ya shamba letu, halafu Adelaide ananisimamia nyuma kuona kama nimepapunguza sawasawa." Akacheka mpaka akakohoa, na Winifred akalazimika kumwinua.

Mji ulimzoea Zerviah mapema. Watu walimsalimia mitaani na kuzunguka alipoangusha theluji, wasiteleze. Mwalimu mmoja alileta darasa zima kumwona, naye akawaonyesha watoto jinsi ya kusonga uji wa mahindi. Tatizo halikuwa watu. Tatizo lilikuwa karatasi.

Kila aliyebisha hodi, Zerviah alimtazama mikono kabla ya uso, na Winifred naye akaanza kufanya hivyo. Winifred ndiye aliyeng'oa sanduku la barua, akamwambia mtu wa posta apeleke barua zote kwa jirani, na jirani azisome kwanza. Wahubiri wenye vijitabu aliwafukuza tangu barabarani. Zaidi ya wote alimchunga Russell Dunbar. Russell alikuwa fundi bomba, mtu mpole mwenye mgongo mbovu, lakini kila mwaka mji ulimchagua pia kuwa konstebo, ili abandike matangazo ya mkutano wa mji kwenye mlango wa posta. Bomba la jikoni lilipopasuka Januari hapakuwa na fundi mwingine.

"Weka boksi chini nilione," akasema Winifred.

"Unatafuta nini, Winnie?"

"Karatasi."

"Kuna risiti ya valvu."

"Iache nje."

"Nje kuna upepo."

"Basi itapeperuka."

Russell akaiacha nje, ikapeperuka. Alitengeneza bomba akiwa amefumba mdomo, kwa sababu Winifred alimwambia asiseme neno lolote ndani ya nyumba ile mpaka Oktoba. Alipotoka alimpungia Zerviah mkono. Zerviah hakumpungia.

Majira ya kuchipua yakaja. Lorna alikuwa hai. Kiangazi kikaja na fataki za miaka mia mbili, bendera kila dirisha, na Lorna alikuwa hai, amekaa kibarazani miguu ndani ya ndoo ya theluji ya bibi yake. Alikuwa amekonda mpaka pete ikamvuka kidoleni. Kila Jumapili alimuuliza Winifred, "Zimebaki ngapi?" na Winifred akamwambia wiki zilizobaki. Mara nyingine Lorna hakuamini. Alishuku kwamba dada yake anapunguza ili kumtia moyo, akaagiza kalenda ya duka la mbegu aitundike yeye mwenyewe mbele ya kitanda.

Mwisho wa Agosti Bi. Thaxter akaja na pai ya tufaha. Winifred alimpokea uani. Akaikata pai katikati kwa kisu, akatazama ndani.

"Unafikiri nimeweka nini humo?" akauliza Bi. Thaxter.

"Sijui. Ndiyo maana naangalia."

"Winnie, tumezeeka. Kamati imekwisha kuzungumza. Bibi yako akitimiza mwaka, fomu ya Lorna tutaipitisha siku ileile, na kalamu nitaishika mimi." Akatazama dirishani, ambako Zerviah alikuwa amesimama. "Jumamosi ya tarehe mbili Oktoba ni chakula cha mavuno kanisani. Mleteni. Mji mzima unataka kumpa heshima yake, na Lorna naye atoke kidogo."

"Kutakuwa na kusomwa chochote?"

"Sala ya chakula. Na kukaribisha wageni, kama kila mwaka."

Winifred hakutaka kwenda. Lorna ndiye aliyetaka. Alisema amekaa ndani mwaka mzima kama jibini, na kwamba maharagwe ya kanisani, yale yanayookwa usiku kucha na molasi ya miwa na nyama ya nguruwe, hajawahi kuyapata sawa mahali pengine, na mwakani hatakuwepo. Basi wakaenda. Zilibaki siku tano.

Winifred alifika mapema. Alikagua ukumbi wa chini wa kanisa, akaangalia chini ya vitambaa vya meza, akapekua vitabu vya nyimbo. Alimsimamisha Russell Dunbar mlangoni akamgeuza mifuko nje. Hapakuwa na kitu ila bisibisi. Akampekua Bi. Thaxter mkoba, na Bi. Thaxter akaufungua kabla hajaambiwa. Ndani mlikuwa na leso na peremende. Ndipo Winifred akawaketisha wenziwe, Lorna upande huu, Zerviah upande ule, akala kwa raha kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana.

Sasa, watu wa Hadwick wana desturi katika chakula cha mavuno. Kabla ya pai, mtu mmoja husimama na kusoma majina ya wageni kutoka kwenye kadi ndogo zinazokaa kwenye bakuli la maboga katikati ya meza kuu, akawakaribisha, akawatakia safari njema ya kurudi kwao. Watu wanapiga makofi, pai zinaletwa. Winifred alikuwa ameisikia tangu hajaota meno, na kwa hiyo hakuwa akiisikia tena. Alikagua kila kitu ukumbini asikague bakuli la maboga.

Mwaka ule kadi zilipangwa zisomwe na Russell. Alisimama, akashika mgongo, akavaa miwani.

"Tunao Bwana na Bi. Eckhart kutoka Ohio, wamekuja kuona majani. Karibuni, na safari njema." Makofi. "Tunaye Bi. Pomeroy, dada wa mchungaji. Karibu, na safari njema." Makofi. "Na tunaye Zerviah Orcutt, mjane, ambaye si mwenyeji wa mji huu, na ambaye anatakiwa kuondoka katika mji huu ndani ya siku kumi na nne. Karibu, na safari njema."

Watu wakapiga makofi. Pai zikaanza kutoka jikoni. Russell alikuwa bado ameishika kadi, anaisoma tena kwa macho, na midomo yake inakwenda.

"Adelaide," akasema. "Hii ni nini?"

"Maneno ya kihistoria, Russell," akasema Bi. Thaxter. "Ya mwaka wa miaka mia mbili. Nimeyanakili kama yalivyo, hata nukta."

Winifred alisimama na uma mkononi. Hakuna kilichobaki cha kuzuia. Ukumbini mlikuwa na mashahidi mia moja na kumi.

Zerviah ndiye aliyekuwa mtulivu kuliko wote. Alifuta kijiko chake, akakilaza sambamba na sahani. Akafunga vipande viwili vya mkate wa kahawia ndani ya shali, akashika sufuria yake. Alipopita meza kuu alisimama mbele ya Bi. Thaxter.

"Safari hii mmenipa chakula kwanza," akasema.

"Ni furaha yetu," akasema Bi. Thaxter.

Winifred alimfuata mpaka njiani. "Bibi, ngoja! Una siku kumi na nne!"

"Hata mara ile walinipa kumi na nne. Nilizitumia zote kungoja wabadilishe mawazo, mtoto akashikwa na kifua." Akajifunga shali vizuri. "Mwambie mwenye miguu ajikande kutoka chini kwenda juu." Akashika barabara ya mashariki kuelekea jiwe la mpaka, na alikopita aliacha mstari mwembamba wa theluji uliokuwepo mpaka kesho yake mchana.

Jumatatu Winifred alikwenda masijala. Bwana Quimby alikuwa na kitabu tayari.

"Konstebo aliyechaguliwa, mbele ya mashahidi, ndani ya mwaka," akasema. "Ni halali, Winnie. Natamani isingekuwa."

"Russell hakujua anasoma nini."

"Konstebo Josiah naye huenda hakujua. Sheria haiulizi."

Tarehe saba Oktoba Lorna aliomba avalishwe gauni lake la buluu. Alikaa jikoni tangu kifungua kinywa mpaka giza, mgongo umenyooka, uso mlangoni, asije akasemekana hakuwepo. Hakuna aliyekuja. Jioni akasema, "Basi mimi upande wangu nimetimiza," akaomba arudishwe kitandani. Aliishi siku kumi na mbili zaidi, ambazo hazikumsaidia kitu.

Walimzika Barabara ya Kiwandani. Mchungaji alilazimika kunyamaza mara mbili magari makubwa yalipokuwa yakishusha matairi. Zerviah alikuwepo. Alikuwa ameingia mjini asubuhi ileile, kwa sababu onyo linasema uondoke, halisemi usirudi. Watu wakampisha mbele, na mchungaji akangoja ajikung'ute kwanza, theluji isimwagike kaburini. Bi. Thaxter alileta bakuli la viazi vya jibini na kulia kwa dhati. Kabla hajaondoka aliandika tarehe ya kuingia ya Zerviah kwenye kijitabu chake, ili hesabu mpya isianze na makosa.

Mwezi wa Aprili Bi. Thaxter alikuja nyumbani kwa Winifred, na kijitabu kilekile. Jumuiya ilitaka kuweka kibao Kilimani, kwa kuwa watalii walikuwa wanaongezeka, na ingependeza Bi. Orcutt awaonyeshe alipolala mtu wa kwanza. Zerviah akaenda nao, akawaonyesha, upande wa kulia wa geti.

"Na jina?" akauliza Bi. Thaxter.

"Nathan Orcutt."

"Una hati yake?"

"Nilikuwa mkewe."

"Ndiyo, ndiyo. Jina tena?"

Zerviah akalitaja mara ya pili, na ya tatu, polepole, na Bi. Thaxter akaliandika kwa penseli.

Kibao kilisimamishwa wiki ya mwisho ya Mei, shaba juu ya jiwe. Winifred na bibi yake walipanda kilima mchana, hakuna mtu mwingine. Winifred akasoma kimyakimya. HAPA AMELALA MTU WA KWANZA KUZIKWA KILIMANI, 1739. JINA LAKE HALIKUHIFADHIWA. ARDHI HII NI ZAWADI YA WAKUU WA MJI.

"Wamesema nini?" akauliza Zerviah.

Winifred akatazama herufi. Zilikuwa zimechimbwa ndani sana.

"Wamesema Nathan Orcutt," akasema.

"Na huko chini?"

"Kwamba shamba lilikuwa lake."

Zerviah akakitazama kibao kwa muda mrefu, mstari wa juu, wa kati, wa chini. Kisha akamtazama Winifred, mikono kwanza, halafu uso.

"Haya," akasema, akasogea hatua moja mbali naye.